Hapo kwenye Bunge umeteleza

Mwandishi nakuheshimu lakini hapo uliposema bila Bunge kukaa hapa Dodoma hakuna vita inayoweza kutangazwa umeteleza kaka, hiyo ni Marekani, katiba yao ndo imewapa Kongresi kutangaza vita na hata wao mara ya mwisho kutangaza rasmi ni 1942, Korea na Vietnam walipigana bila tangazo la vita. Kwetu soma Ibara ya 44, Rais ndo anatangaza hali ya vita, halafu nakala inaenda kwa Spika, naye akishashauriana na Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni (yaani Waziri Mkuu) anaitisha Bunge ndani ya siku 14 waamue kama wanaunga mkono au la. Yaani wabunge wanafika risasi zishaanza kulia.

Mi hili linaniuma sana. Baba yangu mdogo kule Kondoa alienda Kagera 1978 Amin alipovamia, mpaka leo mguu wa kushoto anauburuza na baridi ya mwezi wa saba ikianza anaupaka mafuta ya kondoo jioni nzima haongei na mtu. Ile tulivamiwa, Mwalimu hakuwa na muda wa kusubiri mjadala, nakubali kabisa. Ila kama ni sisi tunavuka mpaka kwanza, siku 14 ni nyingi mno jamani, na ibara yenyewe haisemi wabunge wakikataa inakuwaje, vijana wanarudi au wanabaki hukohuko? Hapo ndo ungetuandikia.