Alizeti si gololi

Mwezi wa saba nilikuwa Kongwa kwa shangazi, msimu ule upepo wa Dodoma unapovuma mchana kutwa hadi mabati yanalia. Alizeti ilikuwa imeshapurwa, na mimi, msomi wa familia, nilikuwa nimenunua mashine ya feni ya kupepetea kwa fundi mmoja mjini. Aliniambia kwa mtama haina mpinzani, nami sina ubishi. Alizeti ndiyo iliyotutesa: mbegu nzima zilirushwa nje, mapepe yakaingia guniani.

Naona kosa lilianzia darasani. Kidato cha tano tulikariri kanuni ya mwanafizikia Stokes ya mwaka 1851: ukinzani juu ya tufe linalokwenda taratibu kwenye maji au hewa ni 6π mara mnato (yaani uzito wa maji au hewa hiyo katika kutiririka), mara nusukipenyo, mara mwendo. Fupi, inakaririka. Ila ni tufe, tena moja, tena liko peke yake. Punje ya mtama inakaribia tufe. Mbegu ya alizeti ni bapa na imechongoka. Ikiupa upepo ubavu inasukumwa sana, ikiupa ncha inapenya. Hata kwenye mwendo huo wa taratibu, kisahani chembamba kinachoshuka kimelala hupata ukinzani mara moja na nusu ya kile kinachoshuka kwa ukingo. Kwenye upepo wa feni tofauti inazidi hapo, na mbegu iliyoinama husukumwa kando na kuzungushwa pia. Mbegu mbili za uzito uleule, zikiingia zimegeuka tofauti, hutua mahali tofauti. Fundi yeye alikuwa amefunga feni kwenye kasi moja.

Halafu kuna msongamano, na hapo ndipo shangazi aliponifunga mdomo. Nilikuwa namimina debe zima kwenye faneli. "Baba, unamwaga kama unanywesha ng'ombe." Yeye huinua ungo juu ya kichwa na kuutikisa kidogo kidogo, mbegu zikashuka kama pazia jembamba, upepo ukapita katikati. Zikishuka zimebanana, za mbele huzikinga za nyuma, na fungu zima huanguka haraka kuliko ambavyo mbegu moja ingeanguka, likiburuta mapepe ndani yake. Lakini zijaze ndani ya bomba ambalo hewa haina pa kupitia pembeni, mambo yanageuka: hewa inajipenyeza kwa kasi kwenye mianya na ukinzani unapanda. Watafiti Richardson na Zaki waliandika hivyo mwaka 1954 kuhusu chembe zinazotuama kwenye vimiminika: zikisongamana, zinashuka polepole. Huwezi kuyapata haya kwa kukokotoa tufe moja kisha ukazidisha kwa elfu.

Mafundi wetu siwadharau. Wengi wanaunda mashine kwa vyuma chakavu na zinafanya kazi. Ninachodai ni kwamba mashine ya alizeti ijaribiwe kwa alizeti, tena kwa gunia zima, si kwa kiganja kimoja cha mtama mbele ya mteja kama nilivyofanyiwa mimi. Na watunga mitihani watupe walau swali moja la kitu bapa.

Mwishowe tulipachika kibao kwenye mdomo wa faneli, tukabakiza mwanya wa kidole kimoja. Mapepe yakaanza kuruka kule yanakotakiwa. Gunia lilichukua muda mrefu kuliko shangazi na ungo wake, na jioni kwenye ugali hakusahau kulitaja hilo.