Wanaofika kwanza ni vijana wa mwaloni

Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, walioiwahi ni wavuvi, na mitumbwi yao. Majaliwa Jackson, kijana wa miaka 20, alisimulia jinsi alivyovunja mlango wa nyuma kwa kasia. Kisha akajaribu kuwafikia marubani. Akavuta kwa kamba, kamba ikakatika, ikampiga usoni, akazinduka yuko hospitalini. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 24 walitoka hai.

Alipewa shilingi milioni moja, na Rais akaagiza aajiriwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilifurahi sana kwa ajili yake. Lakini tangu siku ile najiuliza kwa nini mafunzo yalimfuata baada ya ajali. Miaka minne kabla, kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara na watu zaidi ya 220 wakafa, wavuvi vilevile waliingia majini kuokoa. Tunajua nani hufika kwanza. Tunajua hata mialo, yaani fukwe wanakoegesha mitumbwi, wanakolala.

Mwaka jana nilikuwepo pikipiki ilipoanguka kwenye barabara ya vumbi. Dereva alivunjika mguu, chini ya goti. Vijana wawili wa kijiweni wakampakia mshikaki: mmoja akashika usukani, majeruhi katikati, wa pili nyuma amemkumbatia, mguu unaning'inia. Zahanati ilikuwa mbali, na kila shimo tulisikia anavyolia mpaka sauti ikapotea. Vijana wale waliacha abiria, wakachoma mafuta yao wenyewe, wala hawakuogopa maswali ya PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ambayo hutufanya watu wazima tusimame pembeni tukitazama. Moyo wanao. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba mguu hufungwa kwanza.

Na mambo yenyewe yanafundishika chini ya mwembe. Aliyetolewa majini akiwa hapumui hageuzwi kichwa chini wala habinywi tumbo ili atapike maji. Anapuliziwa pumzi, kisha kifua kinakandamizwa mara 30 kwa kila pumzi mbili. Aliyeumwa na nyoka hachanjwi wembe wala hakazwi kamba. Anatulizwa, kiungo kisichezeshwe, akimbizwe kwenye dawa. Damu inayobubujika inabonyezwa kwa kitambaa, bila kufunuafunua. Aliyeungua anamwagiwa maji safi ya baridi kwa dakika 20, dawa ya meno ibaki kwenye meno.

Wengi wa vijana hawa waliishia darasa la saba. Mafunzo yakija na Kiingereza cha vitabuni, au yakidai cheti cha kidato cha nne, yatawaruka walewale wanaofika kwanza. Yafanyike kwa Kiswahili, kwa mikono, muda ambao hawako ziwani. Na walipwe posho, maana kijana anayeishi kwa alichopata leo akikaa darasani siku tatu, nyumbani hakuna chungu jikoni.

Malipo yanawezekana. Kwenye mfumo wa m-mama, mjamzito akipata dharura, inapigwa 115, na pasipo gari la wagonjwa anatumwa dereva wa hukohuko kijijini aliyesajiliwa; malipo yanaingia kwenye simu yake. Sioni kwa nini mvuvi na bodaboda waliofunzwa wasiingizwe katika utaratibu kama huo kwa ajali nyingine. Pa kuanzia papo: kila mwalo wenye BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, una orodha ya wavuvi wake, na kijiwe kina mwenyekiti anayemjua kila dereva.

Nilirudi kijiweni pale mwezi uliopita. Yule aliyekaa nyuma siku ile aliniuliza, "Kaka, yule jamaa tulimuumiza zaidi?" Nikamweleza nilichosoma kuhusu kufunga mguu uliovunjika kwa vijiti viwili na khanga. Akaniomba nimwonyeshe kwenye mguu wake. Nilifunga, ikalegea, nikafunga tena, ikalegea. Wenzake sita walikuwa wameshasogea, wanatazama mikono yangu.