Wafu wa Mardale na safari ya Shap

Kila ukame ukibisha hodi kaskazini mwa Uingereza, picha zilezile hurudi: kidaraja cha mawe kimechomoza topeni, kuta za malisho zinateremka hadi ndani ya ziwa, watu wamejazana na simu zao. Hapo palikuwa kitongoji cha Mardale Green, kwenye ncha ya juu ya ziwa Haweswater. Picha hizo zimenichosha. Anayetaka kukijua kitongoji kile awafuate wafu wake.

Mardale lilikuwa bonde la wafuga kondoo, limebanwa na milima pande tatu. Kanisa dogo walikuwa nalo, ila kwa muda mrefu hawakuwa na ruhusa ya kuzika. Mtu akifa, maiti yake ilifungwa juu ya farasi, ikapandishwa mlimani, ikavushwa bonde la Swindale hadi kijiji cha Shap. Njia ile ingali kwenye ramani, na jina lake ni Njia ya Maiti. Wa mwisho kupitishwa humo ilikuwa 1736. Baada ya hapo watu wakazikwa kwao.

Kisha jiji la Manchester likataka maji. Bunge likapitisha sheria mwaka 1919, na ujenzi wa bwawa ukaanza 1929. Bonde lilichaguliwa kwa mvua yake na kwa kimo chake. Waliosema maji hayapandi mlima walisema kweli, na kutoka Mardale yangeteremka tu. Ziwa likainuliwa karibu mita 29. Ibada ya mwisho ilifanyika Agosti 1935, na umati ukafurika nje ya kanisa. Makaburi yakafukuliwa, na mabaki ya watu 97 yakaenda kuzikwa upya. Wapi? Shap.

Sisemi watu wa Manchester wangeachwa na kiu. Ninachogombana nacho ni kitenzi: kila mwandishi anasema kijiji “kilizama”, kama jahazi lililopigwa na dhoruba. Kilizamishwa. Tena kabla ya maji kufika, wanajeshi wahandisi walilipua nyumba kama mazoezi. Dun Bull, ile baa ya wageni ambako wachungaji walikutana kila mwaka kurudishiana kondoo waliopotea, nayo haikusalimika.

Njia ya Maiti bado inapitika kwa miguu. Siku hizi inaanzia kando ya maji, na mwanzo wake ni mpando wa kukata pumzi.