Shule ya Habari Inadaiwa na Nani? Hoja Kutoka Mwanza

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), kilichopo Malimbe, kimekuwa na hadhi ya chuo kikuu tangu 1998, na kwa miaka yote hiyo kimetoa waandishi wanaofanya kazi Kanda ya Ziwa na nje yake. Swali linalostahili kuulizwa kuhusu shule ya habari ya aina hii, iwe hapa Mwanza au kwingineko, ni kama ina wajibu wowote kwa watu wasiolipa ada: waandishi walioko kazini tayari na wananchi wasiotarajia kuwa waandishi.

Wanaosita kuitaka shule iwafundishe watu hao wana hoja nzito. Mhadhiri anayeshinda kwenye warsha za mjini anawanyima muda wanafunzi wake, na cheti cha siku mbili hakimfanyi mtu kuwa mwandishi. Ninalolihofia zaidi ni suala la mfadhili. Katika kanda yenye migodi ya dhahabu na viwanda vya kusindika sangara, ni rahisi mafunzo kulipiwa na mtu yuleyule ambaye waandishi wanapaswa kumchunguza, na mwandishi aliyepokea posho yake Jumatatu huona ugumu kumuuliza maswali makali Ijumaa.

Hata hivyo, wanaotetea mafunzo haya wanaijua hali halisi ya kazi. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake za 2017 ziliifanya stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa mwandishi wa habari, na hivyo kuwaweka njia panda watu waliojifunza kazi kwa kuifanya, baadhi yao kwa miaka mingi. Wengi wa waandishi hao wako wilayani, hawana mshahara, na hulipwa kwa kila habari inayotoka. Kumtaka mwandishi wa Ukerewe avuke ziwa na kukaa darasani wiki nzima ni kumtaka aache kula wiki hiyo. Kisha tunashangaa anapopokea bahasha kutoka kwa mtu aliyemwita kwenye mkutano. Shule isiyoitazama hesabu hiyo itafundisha maadili kwa watu wasio na uwezo wa kuyafuata, na kwangu mimi hiki ndicho kiini cha jambo lote.

Kuhusu umma, historia ya ziwa hili inatosha kuwa ushahidi. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, idadi ya waliofariki ilipanda siku baada ya siku hadi ikazidi 220, na watu waliokuwa wa kwanza kulijua tukio walikuwa wakazi wa pale. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 na kuua watu 19, wavuvi ndio waliowahi kuokoa, na baadaye simulizi kuhusu namna mlango wa ndege ulivyofunguliwa zikapingana. Katika matukio ya namna hii mwenye simu anakuwa chanzo cha habari kabla mwandishi hajafika. Akijua kutofautisha alichokiona na alichosimuliwa, akajua pia kwa nini jina la marehemu halitangazwi kabla ya ndugu zake kuarifiwa, mwandishi atakayemhoji atapata ushuhuda wa kuaminika.

Wapo wanaosema kuwa kazi hiyo ni ya redio. Ni kweli kwa sehemu, na chuo chenye redio yake, kama SAUT ilivyo na Radio SAUT, tayari kina njia ya kuwafikia watu. Lakini redio haimpi mchuuzi wa dagaa wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba nafasi ya kutosha kumuuliza mhariri kwa nini bei za samaki zinaandikwa bila yeye kuhojiwa.

Kwa hiyo naunga mkono shule ya habari itoke nje, kwa masharti ambayo sioni sababu ya kuyalegeza. Mafunzo ya waandishi wa wilayani yafanyike huko huko Nansio, Sengerema au Magu, mwishoni mwa juma, na kazi ya vitendo iwe habari ambayo mwandishi ataiuza kwa chombo chake. Gharama zilipwe kutoka bajeti ya chuo au michango ya vyombo vya habari vyenyewe. Fedha ya mgodi au kiwanda ikikubaliwa, itajwe hadharani kabla ya kipindi cha kwanza. Wanafunzi wa shahada waambatane na wahadhiri wao, ili saa zinazotumika nje zihesabiwe kuwa saa za masomo yao.