Tuwape Watafiti Ruhusa ya Kuvipekua Vifaa

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno au Egerton, hapa Kenya, akiunda kifaa cha kupima oksijeni kwenye vizimba vya samaki, atapigiwa makofi. Mwenzake akitaka kukipekua kifaa hicho hicho, aone kama mtu wa nje anaweza kukiingilia, ataulizwa kama anasomea uhalifu. Wanaomwogopa wana hoja, lakini kwangu huyu wa pili ndiye tunayemhitaji zaidi sasa.

Kitazame kifaa chenyewe. Ndani ya kiboksi cha plastiki mna kitambuzi, bodi ndogo ya kompyuta iitwayo ESP32, laini ya simu na betri. Kila baada ya muda kinatuma namba kwenye seva kwa itifaki ya MQTT, yaani kanuni za vifaa kutumiana ujumbe. Itifaki hiyo haimlazimishi mtu kuweka nywila wala kusimba ujumbe, na anayekimbizana na tarehe ya kuwasilisha mradi ni rahisi ayaache yote mawili. Hapo yeyote anayeijua anwani ya seva anaweza kupenyeza namba yake. Oksijeni majini hushuka zaidi kuelekea alfajiri. Ikikaribia sifuri huku simu ya mfugaji ikionyesha miligramu 6 kwa lita, atalala usingizi, na kukicha huenda akakuta ngege (tilapia) wameelea.

Haya hayajabuniwa kututisha. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera za ulinzi na ruta kote duniani, na Oktoba 21 shambulio dhidi ya Dyn, kampuni iliyoelekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake za mtandao, likawafungia watu wengi Marekani Twitter na Netflix. Watafiti wa vyuo vikuu na kampuni kadhaa waliochunguza baadaye walikadiria kuwa Mirai ilipofika kilele ilikuwa imeteka vifaa kama 600,000. Kinachonisumbua mimi si laki hizo sita. Ni kwamba Mirai ilitumia orodha ya jozi 60 na ushee tu za majina na nywila za kiwandani. Sitini! Zinaenea kwenye ukurasa wa daftari. Hakuna hisabati ngumu iliyovunjwa. Ilibisha hodi kwa "admin" na "admin", ikafunguliwa. Na fundi anayefunga kamera kwenye duka la pembejeo Njoro ana sababu gani ya kubadilisha nywila, ikiwa mwenye duka anataka tu kuona picha kwenye simu ndipo alipe? Uingereza imepiga marufuku nywila za aina hiyo kwenye vifaa vya nyumbani tangu Aprili 29, 2024.

Wapinzani husema kutangaza kasoro ni kuwapa wezi silaha. Ni kweli kwamba msimbo wa Mirai ulipomwagwa hadharani mwaka huo huo, nakala zilizaana. Ni kweli pia kwamba kamera ya bei nafuu huenda isipate marekebisho kamwe, hivyo mnunuzi anabaki na tatizo lililokwisha kutangazwa. Hoja hiyo ni nzito. Lakini kunyamaza hakumlindi. Mwaka 2013 Volkswagen ilipata amri ya mahakama Uingereza kuwazuia watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham na Radboud kuchapisha udhaifu wa chipu ya funguo za magari. Makala ilitoka 2015, sentensi moja ikiwa imeondolewa. Miaka hiyo miwili yote, magari yalikuwa barabarani na udhaifu wake.

Kwetu, kifungu cha 14 cha sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 kinaadhibu kuingilia mfumo bila idhini kwa faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Kamera uliyoinunua ni yako, lakini seva inayozungumza nayo ni ya mwingine, na hapo ndipo mwanafunzi anapoponzeka. Kamati za maadili za vyuo zimpe ruhusa ya maandishi yenye mipaka: vifaa vyake tu, na seva ya mtu kwa idhini ya mwenyewe. Akipata kasoro, aiarifu kampuni na KE-CIRT, kitengo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, kisha asubiri siku 90. Mtengenezaji asipopatikana, achapishe namna ya kujikinga, programu ya kushambulia aiache kwenye maabara.