Mchezo wa hesabu: nani hasa anayefanya mazoezi?

Mwalimu amegawa darasa pande mbili. Mtoto mmoja kutoka kila upande anasimama mbele ya ubao, mwalimu anatamka, "Saba mara nane!", na anayewahi kujibu anabaki palepale kumsubiri mpinzani mwingine. Aliyezidiwa anarudi kukaa. Kelele zinafika hadi ofisini. Mtu akichungulia dirishani ataondoka akisema hapa hisabati inapendwa.

Sasa tuhesabu. Tuseme watoto ni 40, mchezo ni wa dakika 20, na kila swali pamoja na shangwe zake linakula nusu dakika. Hayo ni maswali 40. Kwa kuwa mshindi anabaki, kila swali linamwingiza mtoto mmoja mpya tu. Kwa hiyo wengi wao wamefanya hesabu moja katika dakika 20, na wale wawili watatu waliojibu mfululizo ni walewale waliokuwa wanajua tangu jana. Aliyeitwa wa kwanza akakosea amepiga makofi dakika 19 na nusu. Huyo ndiye aliyehitaji mazoezi kuliko wote.

Naanza na mchezo huu kwa sababu mjadala wa namna ya kuwafanyisha mazoezi watoto wa darasa la 4 hadi la 6 umegeuka ushabiki. Upande mmoja unasema daftari lenye hesabu 30 linaua hamu ya mtoto, basi tucheze. Upande wa pili unasema tumewadekeza, hesabu ni kurudia, na aliyeshindwa arudie tena. Kila upande una hoja, na kila upande una jambo unalolifumbia macho.

Hoja ya daftari ni nzito kuliko wapenzi wa michezo wanavyopenda kukiri. Chukua 1,736 gawanya kwa 7. Mtoto aitazame 17, aone 7 inaingia mara 2, atoe 14, abaki na 3, ashushe 3 ipatikane 33, aandike 4, atoe 28, abaki na 5, ashushe 6, akutane na 56. Akiwa anaijua 56 kama anavyolijua jina lake, anaandika 8 na kazi imekwisha: 248. Akiwa haijui, anaanza kuhesabu saba saba kwa vidole, na akirudi kwenye daftari hakumbuki tena alikuwa anashusha namba gani. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba kumbukumbu ya papo kwa papo inabeba vitu kama saba hivi, na watafiti waliomfuata wameishusha hesabu hiyo hadi karibu vinne. Nafasi ni ndogo kiasi hicho. Mtoto anayeijaza kwa kutafuta 7 mara 8 hana pa kuweka mgawanyo wenyewe, na baadaye hana pa kuweka sehemu na desimali, ambazo ndizo mzigo mkubwa wa madarasa haya.

Na kazi ya kukariri si kubwa kama inavyotangazwa. Jedwali la 1 hadi 10 lina majibu 100, lakini 7 mara 8 na 8 mara 7 ni kitu kimoja, kwa hiyo yanabaki 55. Toa mstari wa 1 na wa 10, ambao haumsumbui mtu, yanabaki 36. Toa wa 2 na wa 5, ambayo watoto wengi wa darasa la 4 wameshaizoea, yanabaki 21. Mwambie mtoto amebakiwa na 21 badala ya kumbandikia jedwali zima ukutani, uone kama hatakaa sawa kwenye kiti.

Daftari linapokosea ni kwenye mpangilio wake. Ukurasa wenye hesabu 30 za kugawanya unamfundisha mtoto kwamba ukurasa huu ni wa kugawanya. Kufika hesabu ya sita hasomi tena swali, mkono tu ndio unaotembea. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kutafuta ujazo wa maumbo manne. Kundi moja lilifanya umbo kwa umbo, jingine lilichanganyiwa. Wakati wa mazoezi waliofanya umbo kwa umbo walipata asilimia 89, waliochanganyiwa 60. Wiki moja baadaye mambo yakageuka: 20 kwa 63. Hao walikuwa watu wazima, sawa, lakini aliyewahi kusahihisha mtihani wa muhula baada ya mazoezi yaliyojaa vyema kila wiki analijua tukio hili bila kusimuliwa. Na kuna balaa jingine: mtoto aliyeelewa vibaya hufanya kosa lilelile mara 30, na hulijua siku madaftari yanaporudi, wakati kosa limeshakuwa mazoea.

Hapo ndipo mchezo unapokuwa na la kusema, ukiwa mchezo wenyewe. Mingi inayoitwa michezo ya hesabu ni maswali ya daftari yaliyovishwa nguo za sherehe: jibu hesabu, upate ruhusa ya kurusha mpira. Programu nyingi za simu ziko hivyo hivyo. Jibu ni kiingilio tu, starehe iko ng'ambo ya pili, na mtoto mwerevu hujifunza kulipa kiingilio kwa kubahatisha. Nayo michezo ya dadu mbili ambako mtoto wa darasa la 5 anajumlisha 4 na 3 inamfanyisha kazi aliyoimaliza miaka mitatu nyuma.

Robert Siegler na Geetha Ramani walionyesha tofauti hiyo kwa watoto wadogo zaidi, wa umri wa chekechea, mwaka 2008. Kundi moja lilicheza mchezo wa kusogea kwenye vyumba vilivyopangwa mstari na kuandikwa 1 hadi 10. Jingine lilicheza mchezo huohuo, ila vyumba vilikuwa na rangi badala ya namba. Vikao vinne vya robo saa, ndani ya wiki mbili. Wa namba walipiga hatua katika kukadiria ukubwa wa namba, wa rangi hawakupiga. Kilichotofautiana ni kama hisabati ilikuwa ndani ya hatua yenyewe.

Kwa darasa la 5 na 6 mchezo ninaourudia mara nyingi ni Juniper Green, wa mwalimu Richard Porteous, uliopewa jina la shule aliyokuwa akifundisha. Andikeni 1 hadi 100. Wawili wanacheza kwa zamu, na kila namba hutumika mara moja tu. Wa kwanza anachagua namba shufwa. Kuanzia hapo kila anayecheza lazima achague namba inayoigawanya ile iliyotangulia bila kubakiza, yaani kigawo chake, au inayogawanyika kwa hiyo, yaani kigawe chake. Asiye na pa kwenda ameshindwa.

Mtoto anaanza kwa mbwembwe na 94, kwa kuwa ni kubwa. Mwenzake anaikodolea macho, anagawa kwa 2, anasema 47. Wa kwanza anatafuta: 94 imeshatumika, mara tatu yake inavuka 100. Imebaki 1 peke yake. Anasema 1, na mwenzake anajibu 97. Kimya. Hakuna kinachoigawanya 97 isipokuwa 1 na yenyewe, na mara mbili yake iko nje ya ubao. Mchezo umekwisha kwa hatua nne, na yule aliyeshindwa amekutana na namba tasa kwa namna ambayo hakuna tafsiri ya kitabuni inayoweza kumpa. Isitoshe, kila hatua ya mpinzani anaikagua, kwa sababu ikiwa batili ushindi ni wake. Hakai hata dakika moja akipiga makofi.

Nisiufanye mchezo uwe dawa ya kila ugonjwa. Kuna ule wa karata ambapo kila mtoto anafunua mbili, anatengeneza sehemu, na mwenye sehemu kubwa anachukua zote. Ni mzuri sana kwa kumwumbua mtoto anayeamini 1/8 inaipita 1/6 kwa sababu 8 inaipita 6, maana mwenzake hatakubali kunyang'anywa karata bila ugomvi, na ugomvi huo ndio somo. Lakini wakiketi wawili wenye imani moja? Inatoka 3/8 dhidi ya 2/5. Wote wanaona 3 inaishinda 2, na 8 inaishinda 5, basi 3/8 inachukua karata na mchezo unaendelea kwa furaha. Kumbe 2/5 ni 0.4 na 3/8 ni 0.375. Mchezo usio na mwamuzi hukomaza kosa kama daftari lisilosahihishwa, tena bila kuacha alama ya wino ambayo mwalimu angeiona jioni. Ndiyo maana sipendi mchezo wa sehemu usio na mstari wa namba katikati ya meza, ambao wachezaji huutumia kuthibitisha.

Kuna pia suala la kasi, na hapa nasimama upande mmoja bila kuyumba. Kujibu haraka ni matokeo ya kujua, kwa hiyo kumharakisha asiyejua hakumfundishi kitu. Wasiwasi nao hukaa kwenye nafasi ileile finyu ya kumbukumbu tuliyoitaja, hivyo mtoto anayetetemeka mbele ya ubao anaweza kuikosa hata hesabu aliyoifanya vizuri asubuhi. Anayetaka saa aitumie kumshindanisha mtoto na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita. Zawadi nazo zinahitaji tahadhari. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake waliwaahidi cheti watoto waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Wiki moja hadi mbili baada ya kukipokea, watoto hao walichora kwa hiari karibu nusu tu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Pipi kwa kila jibu sahihi huleta kelele nzuri leo, na swali la "utatupa nini?" kesho.

Kwa hiyo ningegawaje kipindi? Jedwali la kuzidisha lina dakika tano zake kila siku, kimya, kwenye karatasi, maswali ya leo yakichanganywa na ya wiki mbili zilizopita. Dakika hizo hazihitaji kupambwa. Mchezo unangoja mahali penye jambo la kuamua: vigawo, ukubwa wa sehemu, ukadiriaji, mpangilio wa matendo. Chezeni wawili wawili, kwa sababu kundi la sita lina watazamaji wanne. Na baada ya mchezo kalamu irudi mkononi, hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote kwa kuwa kengele imekaribia na watoto wamechangamka.

Kwa Juniper Green, mathalani, nawapa swali moja la kuandika: 94 imeangusha mtu kwa hatua nne, tafuteni namba nyingine shufwa za kuanzia zinazoweza kumwangusha mtu vivyo hivyo. Wanarudi na 86 upesi, halafu 82, na 74 inachelewa kidogo. Daima kuna anayeleta 62, akiwa na uhakika kabisa, kwa kuwa nayo ni namba tasa mara mbili. Simsahihishi. Namwambia aende akaanze nayo dhidi ya jirani yake. Jirani anajibu 31, na mtoto anashusha macho kwenye ubao, anapita nambari moja moja, mpaka anaikuta 93 bado haijakatwa.