Mtoto mwenye mahitaji maalumu Marekani: tuhame au tubaki?

Mtoto wa familia ya Kikenya, Kitanzania au Kikongo iliyoko Marekani akigundulika ana usonji, au amechelewa kusema, ushauri wa kwanza kwa wazazi huwa mmoja: hameni, nendeni kwenye wilaya yenye shule nzuri (wilaya hapa ni wilaya ya shule, yaani eneo lenye uongozi wake wa shule za umma). Ushauri huo una msingi. Ila unawakimbiza watu kabla hawajapiga hesabu.

Msingi wake ni pesa. Sheria ya shirikisho ya elimu maalumu, iliyoanza mwaka 1975 na sasa inaitwa IDEA, inampa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya bure inayomfaa, popote anapoishi. Serikali kuu iliahidi kubeba hadi asilimia 40 ya gharama za ziada, na haijawahi kufika hapo. Pengo huzibwa na jimbo na wilaya ya shule, ambayo hutegemea sana kodi ya majengo. Penye nyumba za bei kubwa, kuajiri mtaalamu wa matamshi ni rahisi zaidi.

Jimbo nalo lina uzito wake. Texas, wanakoishi wakimbizi wengi kutoka Kongo, iliweka mwaka 2004 kipimo kilichozisukuma wilaya zisivuke asilimia 8.5 ya wanafunzi katika elimu maalumu. Watoto walinyimwa huduma kwa miaka mingi, hadi gazeti la Houston Chronicle lilipofichua jambo hilo mwaka 2016. Kuhama mtaa ndani ya jimbo hilo kusingemtoa mtoto chini ya kipimo hicho.

Lakini pesa si kila kitu. Wilaya ndogo yenye sifa huenda ina watoto wawili watatu tu wenye hali kama ya mwanao. Haina darasa lao, basi linampeleka mbali kila asubuhi. Wilaya kubwa ya mjini, pamoja na msongamano wake, mara nyingi ina madarasa ya aina kadhaa. Tena kuna lugha, na hili linatugusa sisi hasa. Sheria inataka mtoto apimwe kwa lugha yake pale inapowezekana, na inakataza kumhesabu mlemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza. Kwenye mkutano wa IEP, yaani mpango wa maandishi wa huduma za mtoto, mzazi ana haki ya mkalimani. Haki hiyo ipo kote, lakini wilaya iliyozoea familia za Kiswahili haihangaiki kumtafuta.

Tena ukihamia penye nyumba za bei kubwa, pango linapanda, baba anaongeza zamu ya usiku, na mkutano unabaki wa mama peke yake. Shangazi aliyekuwa akimpokea mtoto kituoni sasa yuko mbali kwa saa nzima. Kwa mtoto mwenye usonji, hilo si dogo.

Kwa hiyo, kabla ya kuhama, ningeanza na barua kwa wilaya niliyomo, ya kuomba mtoto apimwe. Maombi ya mdomo hupotea. Ombi la maandishi lenye tarehe halipotei kirahisi. Mzazi akishatia sahihi kuridhia mtoto apimwe, wilaya ina siku 60, au muda uliowekwa na jimbo. Na mwaka 2017, katika kesi ya mwanafunzi mwenye usonji, Endrew F., Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema IEP lazima umwezeshe mtoto kupiga hatua inayolingana na hali yake.

Barua zikiandikwa, mikutano ikafanyika, na mtoto bado amekwama, hapo ningehama. Ningefuata darasa nililoketi ndani yake na kulitazama, maana alama za mitihani za wilaya hazinielezi lolote kuhusu mtoto asiyesema. Na nakala ya IEP ningeibeba mkononi: akihama katikati ya mwaka wa masomo, wilaya mpya inapaswa kumpa huduma zinazolingana na zile za awali wakati ikiandaa mpango wake.